Sophie Germain, musichana mwenye alisoma hesabu kwa kaye za wengine

Huku Kindu, mwanafunzi wa humanite mwenye anataka kuelewa derive mbele ya Exetat, ao kijana wa mwaka wa kwanza kwenye Iniversite ya Kindu, siku hizi hapaswi tena kungojea paka mwalimu. Kama ana telefone na mega kidogo, masomo iko. MIT, ile shule kubwa ya Marekani, iliweka kwenye intaneti somo lake lote la derive na integrale, toka lesoni ya kwanza mpaka ekzame ya mwisho, bila kulipisha hata franka moja. Khan Academy iko na video na mazoezi katika Kifaransa. Shida ni zile watu wote wanajua: mega inaisha, umeme unakatika, batri inakufa katikati ya lesoni. Na kuko shida ingine yenye haisemwi sana: mutu akisoma peke yake, nani atamuonyesha fasi amekosea?

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, katika muji wa Paris, kulikuwa musichana mwenye alipita ile njia yote, wakati hata umeme haukukuwa. Jina lake Sophie Germain. Shule yenye ilikuwa inafundisha hesabu za juu ilikuwa katika muji wake mwenyewe, lakini hakuweza kuingia mule juu alikuwa mwanamuke. Akasoma kwa mbali, kwa kaye za wengine, na kwa jina la mwanaume.

Sophie alizaliwa tarehe 1 Aprili 1776. Baba yake, Ambroise-François Germain, alikuwa anafanya biashara ya hariri kwenye rue Saint-Denis. Makuta haikukosa kwa nyumba yao, na hilo ni jambo la kukumbuka, juu musichana wa familia maskini wa wakati ule hangepata hata kitabu cha kwanza. Mwaka wa 1789 baba alichaguliwa kuwa mujumbe wa watu wa kawaida katika ule mukutano mukubwa wenye mufalme aliita, na wenye ulifungua mlango wa mapinduzi ya Ufaransa. Tarehe 14 Julai ya mwaka ule watu wa Paris walivamia gereza la Bastille. Sophie alikuwa na miaka 13. Inje kulikuwa fujo na bunduki. Ndani ya nyumba kulikuwa vitabu vya baba, na mutoto akabakia na vitabu.

Kitabu chenye kilimukamata kilikuwa historia ya hesabu yenye iliandikwa na Montucla. Mule ndani alikuta hadisi ya Archimedes, muzee wa Sirakusa, mwenye aliuawa na askari wa Roma wakati muji wake ulikamatwa. Inasemekana askari alimukuta ameinama juu ya michoro yake, na muzee hakushugulika naye. Sophie akajiuliza: kitu chenye kinaweza kumufanya mutu asahau hata panga juu ya kichwa chake, ni kitu gani? Akaamua kukijua.

Wazazi hawakufurahi. Katika familia za namna yao, musichana anaweza kujifunza muziki, kushona, adabu ya kupokea wageni. Hesabu hapana. Kwa hiyo mutoto alikuwa anangoja watu wote walale, kiisha anaamuka na kusoma usiku. Walipojua, walimunyang'anya mishumaa, wakazima moto wa chumba, wakaondoa hata nguo zake za baridi ili asitoke kitandani. Sophie alikuwa amekwisha kuficha mishumaa mingine. Alikuwa anajifunika blanketi na kuendelea. Asubuhi moja walimukuta amelala juu ya meza, wino imeganda kuwa barafu ndani ya chupa, na pembeni yake karatasi imejaa hesabu. Pale wazazi walichoka, wakamuacha asome. Ile hadisi iliandikwa na rafiki yake Libri wakati Sophie alikuwa amekwisha kufa, na marafiki wanapenda kutia chumvi; lakini namna Sophie aliishi kiisha pale inafanana nayo kabisa.

Hakukuwa na mwalimu. Alianza na vitabu vya Bézout, vyenye viliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa jeshi. Kiisha akataka kusoma Newton na Euler, na wale walikuwa wameandika katika Kilatini. Akajifunza Kilatini peke yake ili awafuate. Mwanafunzi wa Kindu mwenye anafungua lile somo la MIT na kukuta profesa anaongea paka Kingereza, wakati yeye alisoma kwa Kifaransa toka primere, anaweza kuelewa ile kazi ilikuwa ya namna gani. Kiisha akaingia katika kitabu cha Cousin chenye kilikuwa juu ya derive, na ile miaka ya 1793 na 1794, wakati vichwa vilikuwa vinakatwa kwenye viwanja vya Paris, yeye alikuwa nyumbani anachambua kurasa moja moja.

Ni vizuri kusema ile derive ni nini, kwa wale wenye waliisahau ao hawakuifikia. Tuseme moto inaondoka kwenye rond-point, na inaongeza mwendo kidogo kidogo. Kiisha sekunde 1 imetembea metre 1, kiisha sekunde 2 metre 4, kiisha sekunde 3 metre 9. Ni namba ya sekunde mara yenyewe. Sasa, wakati sekunde ya 3 inapiga, moto iko na mwendo gani? Kugawanya 9 kwa 3 haitoshi, juu ile inatoa mwendo wa katikati wa safari yote, na mwanzo moto ilikuwa polepole. Basi mutu anakamata kipande kidogo: toka sekunde 3 mpaka 3,1 moto inatoka metre 9 mpaka 9,61. Ni metre 0,61 katika sekunde 0,1, ni kusema metre 6,1 kwa sekunde. Anakamata kipande kidogo zaidi, toka 3 mpaka 3,01: anapata 6,01. Akiendelea kupunguza kipande, namba inakaribia 6 na haiendi fasi ingine. Ile 6 njo derive. Integrale ni njia ya kurudia: mutu anajua mwendo wa kila wakati, anajumlisha vipande vidogo vyote na kupata safari nzima. Newton na Leibniz waligundua ile njia katika miaka ya 1600, Euler akaipanua, na wakati Sophie alikuwa kijana, mutu mwenye alikuwa anaiongoza katika Paris alikuwa Joseph-Louis Lagrange.

Mwaka wa 1794 serkali ya mapinduzi ilifungua shule mupya yenye kiisha ilipata jina la École polytechnique. Ilitaka wainjinia kwa haraka, na ilikusanya maprofesa wazuri kupita wote. Wanaume tu waliingia. Lakini shule ile ilikuwa na desturi mbili zenye zilimusaidia Sophie. Ya kwanza: masomo ya profesa yaliandikwa na kutawanywa, na mutu wa inje aliweza kupata zile kaye. Ya pili: mwisho wa masomo wanafunzi waliombwa kumuandikia profesa mawazo yao. Sophie alipata kaye za Lagrange, akazisoma nyumbani, na mwisho akatuma karatasi yake. Juu ya karatasi hakuweka jina lake. Aliweka jina la mwanafunzi mumoja wa ile shule, Le Blanc.

Lagrange alisoma zile karatasi na akashangaa. Akaomba kumuona huyu Le Blanc. Mambo yakajulikana, na Lagrange, mutu mukubwa wa zaidi ya miaka 50 mwenye Ulaya yote ilimuheshimu, hakukasirika. Alikuja kumusalimia musichana na kumutia moyo. Toka siku ile Sophie alikuwa na mutu wa kumuuliza maulizo. Lakini kuuliza maulizo siku moja moja haiko sawa na kukaa darasani, na tofauti ile itaonekana mbele.

Jina lake likaanza kuzunguka katika saloni za Paris. Watu walikuja kumuangalia sawa kitu cha ajabu. Lalande, mutu wa nyota mwenye alijulikana sana, alimuambia kama hangeweza kuelewa kazi ya Laplace kama hajasoma kwanza kitabu chenye yeye Lalande aliandika kwa ajili ya wanamuke. Sophie alikasirika kabisa na Lalande alilazimika kumuandikia barua ya kuomba radhi. Alikuwa amekwisha kusoma vitu vigumu kupita kile kitabu.

Mwaka wa 1801, katika Ujerumani, kijana Carl Friedrich Gauss alitoa kitabu juu ya namba nzima chenye watu wachache sana katika Ulaya waliweza kukifuata. Sophie alikisoma kwa miaka, na 1804 akamuandikia Gauss, tena kwa jina la Le Blanc. Wakaandikiana. Mwaka wa 1806 majeshi ya Napoléon yaliingia Braunschweig, muji wa Gauss. Sophie akakumbuka Archimedes. Alikuwa anajua jenerali mumoja, Pernety, rafiki wa familia, mwenye alikuwa kule na jeshi. Akamuandikia amulinde yule mutu. Pernety akatuma ofisa. Ofisa akamukuta Gauss muzima, na akamuambia kama ni Mademoiselle Germain wa Paris njo aliomba. Gauss akajibu kama hamujui mutu wa jina lile. Mwanzo wa 1807 Sophie akalazimika kumuandikia ukweli. Jibu la Gauss lilikuwa la heshima kubwa: alionyesha kama mwanamuke mwenye anafika pale, na vizuizi vyote vyenye desturi ilimuwekea, ana moyo na akili kupita mwanaume mwenye njia yake ilikuwa wazi. Kidogo kiisha, Gauss akahama kazi, akageukia nyota, na barua zikakauka.

Katika 1808 mugeni alifika Paris, Ernst Chladni, Mujerumani. Alikuwa anakamata sahani nyembamba ya chuma ao ya kioo, anatupa muchanga juu yake, kiisha anapitisha upinde wa vayolini kwenye ukingo. Sahani inalia, muchanga unarukaruka na kukusanyika kwa mistari: nyota, misalaba, miviringo. Kila sauti na mchoro wake. Mwenye aliona muchanga ukiruka juu ya ngozi ya ngoma ana wazo kidogo. Napoléon mwenyewe aliona na akataka kujua sababu. Akademia ya Sayansi ikatangaza shindano: mutu atoe sheria ya hesabu ya ile mitetemeko, na zawadi itakuwa medali ya dhahabu ya franka 3000. Tarehe ya mwisho ilikuwa Oktoba 1811.

Watu wengi wakubwa waliogopa. Lagrange alikuwa amesema kama hesabu zenye ziko hazitoshi kwa ile kazi. Tarehe ilipofika, karatasi moja tu ilikuwa juu ya meza, bila jina. Ilikuwa ya Sophie.

Wazo lake lilikuwa zuri: nguvu yenye inairudisha sahani fasi yake inategemea namna sahani imepinda, na kwa kila nukta mutu anajumlisha mipindo miwili, ya upande huu na ya upande ule. Lakini toka lile wazo mpaka kwenye sheria ya hesabu kulikuwa daraja la kuvuka, na pale akaanguka. Alifuata njia yenye Euler alitumia kwa fimbo, kitu chenye kina urefu tu, na akataka kuipanua kwa sahani, yenye ina urefu na upana. Ile kupanua inaomba integrale ya pande mbili na ufundi wenye wanafunzi wa Polytechnique walikuwa wanazoezwa mbele ya ubao kila juma, mwalimu akiwa pale kuwakatia makosa. Sophie hakupata yale mazoezi. Alikuwa na kaye, na kaye haisemi wakati umekosea. Sheria yenye alitoa haikukuwa ya kweli na waamuzi waliikataa.

Lagrange alikuwa mumoja wa wale waamuzi. Akakamata wazo la Sophie, akafanya daraja kwa njia ya sawa, na akatoa sheria ya kweli ya sahani. Mwalimu mwenye kaye zake zilimufungulia mlango njo alionyesha fasi alikosea, lakini tayari shindano lilikuwa limeisha.

Akademia ikaongeza miaka miwili. 1813, tena karatasi moja tu, tena Sophie. Safari hii alikuwa na sheria ya sawa, na alikuwa amefanya majaribio mengi na sahani, na namba zake zilikubaliana na zile sauti. Lakini hakuweza kuonyesha vizuri sheria inatoka wapi. Wakampa sifa, bila zawadi. Lagrange alikuwa amekufa mwezi wa 4 wa mwaka ule. Poisson, kijana mwenye nguvu wa Akademia, mwenye hakuweza kushindana juu alikuwa mujumbe, akasoma 1814 kazi yake mwenyewe juu ya maulizo ile ile, wakati shindano lilikuwa bado wazi. Sophie alitaka kubishana naye kwa mambo ya hesabu. Poisson hakutaka mazungumuzo. Namna hiyo wakubwa walikuwa wanamutendea: heshima mbele ya watu, lakini hapana kukaa naye meza moja na kuangalia kazi mustari kwa mustari.

Mara ya tatu, Januari 1816, akapewa zawadi. Alikuwa mwanamuke wa kwanza kupata zawadi ya Akademia ile, na kazi aliitia jina lake kabisa. Waamuzi waliandika kama maelezo bado yalikuwa na upungufu, na kwa kweli yalikuwa nayo. Siku ya kutoa medali watu walikuja kwa wingi kumuona. Hakufika. 1821 alichapisha ile kazi kwa makuta yake mwenyewe. Wainjinia wenye wanahesabu leo namna bamba la chuma ao la beto linapinda na kutetemeka wanatembea katika njia yenye ilifunguliwa na ile sheria.

Wakati huohuo alikuwa amerudia namba nzima, mapenzi yake ya zamani. Fermat aliacha katika miaka ya 1600 jambo moja lenye hakuna mutu aliweza kulihakikisha: kama kipeo kimepita 2, namba nzima mbili za kipeo kile haziwezi kujumlishwa na kutoa ya tatu ya kipeo kilekile. Watu walikuwa wanajaribu kipeo kimoja kimoja. Sophie alitafuta njia ya kukamata vingi kwa pamoja. Alitumia namba za peke yenye zinafanya hivi: ukizidisha mara 2 na kuongeza 1, unapata tena namba ya peke. 5 inatoa 11, basi 5 ni mumoja wao. 7 inatoa 15, na 15 inagawanyika, basi 7 hapana. Mpaka leo zinaitwa namba za Sophie Germain, na zinatumika katika njia fulani za kufunga siri ya ujumbe kwenye intaneti. Legendre aliweka matokeo ya Sophie katika kazi yake, kwa maandishi madogo chini ya kurasa. Ile jambo la Fermat lilihakikishwa kabisa paka na Andrew Wiles, katika miaka ya 1990.

Fourier alipokuwa katibu wa Akademia, alimufungulia mlango wa kukaa katika mikutano. Mbele yake wanamuke wenye walikuwa wanaingia mule walikuwa mabibi wa wajumbe. Sophie hakuolewa, na hakupata hata siku moja kazi ya kufundisha ao mushahara. Aliishi kwa mali ya baba. 1829 alijua ana kansa ya ziwa. Aliendelea kuandika mpaka mwisho, na akakufa Paris tarehe 27 Juni 1831, akiwa na miaka 55. Kwenye karatasi ya kifo, fasi ya kuandika kazi yake, mukarani aliandika kama ni mutu mwenye anaishi kwa mapato ya mali yake.

Kaye na barua zake nyingi ziko sasa kwenye Bibliothèque nationale ya Ufaransa. Wachunguzi wawili wa Marekani, Reinhard Laubenbacher na David Pengelley, walizisoma upya na kuchapisha kazi yao mwaka wa 2010. Walikuta kama yale maandishi madogo ya Legendre yalikuwa kipande kidogo tu. Sophie alikuwa na mupango mukubwa, wa kurasa na kurasa, wa kuhakikisha jambo la Fermat lote. Mwaka wa 1819 alikuwa amemueleza Gauss ule mupango katika barua ndefu. Mule ndani ya kaye kuko fasi moja yenye hoja imekatika, kosa lenye mutu wa ufundi, kama angeketi naye, angeliona. Gauss hakujibu ile barua.